Jina la Mama Tulilokatazwa

Usinikunjie uso, Trésor, hata sijafungua mdomo. Karatasi yako ya labo imesema damu yangu iko muzuri, nimesikia. Mimi si kiziwi. Lakini hii baridi ninayoisikia juani, nywele zinazobaki kwenye kitana, shingo inayonibana nikimeza bukari, karatasi hiyo haikuviona. Kaa, docteur mwanangu.

Nilipokuwa mtoto kule Mitwaba, mama yangu alianza hivi hivi. Alijifunga vikwembe viwili mchana wa joto, akasinzia akitwanga mihogo. Infirmier alimtoboa kidole, akapima, akasema: "Damu iko safi." Nkambo, mama wa baba yangu, akaitika haraka sana. "Munaona? Kama damu iko safi, basi ni ule mufu wa jina lake. Anamukamata ku shingo."

Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyekufa. Mama aliitwa Kalenga, jina la shangazi mmoja aliyekuwa mkali hata kwa mbuzi. Basi wakampaka pemba, ule udongo mweupe, wakamvua jina lile na kumpa lingine: Ngoie. Nkambo akatuonya sisi watoto: "Mwenye kuita Kalenga, anaita mufu. Atakuja kumubeba."

Asubuhi moja watu wote wa nyumba yetu walikuwa shambani. Nilimkuta mama kando ya mbabula yenye makaa mekundu, macho yamefungwa, mkono baridi kama mtungi.

"Mama."

Nikasogea karibu.

"Mama Ngoie."

Nilimtikisa, kichwa kikaanguka upande. Nikautazama mlango. Nilikuwa na hakika yule shangazi amesimama nje, anangoja tu kuitwa. Halafu nikainama sikioni mwake: "Kalenga."

Akafungua macho, polepole.

"Ni nani ananiita?"

"Ni miye, mama."

"Leta mayi. Na usiambie nkambo yako."

Alikufa kabla ya mvua. Jirani alikuwa amenisikia, na nkambo alinibebesha kifo kile mpaka alipoingia kaburini mwenyewe. Sikukubali wakati ule, na leo sikubali. Mufu hakuja. Hakuna aliyekuja, na shida ilikuwa hapo. Damu safi, jina jipya. Nani angehangaika tena kumgusa shingo?

Unasema wewe huamini mambo ya wafu. Vizuri. Nkambo alichukua damu safi akamwachia mufu mama yangu. Wewe unachukua damu safi unaniachia uzee. "C'est l'âge, maman." Naona tofauti: yako iko na Kifaransa.

Kuna docteur mwingine kule Naviundu. Atanishika shingo kwa mikono yake, halafu ataipiga picha. Labda ataona kitu, labda hataona. Nitajua nikifika.

Bukari iko kwenye sufuria, kula. Mimi navaa koti, na jua linachoma. Usinisindikize. Ninatoka, na mlango ninaufunga mwenyewe.