Thelathini kwa Thelathini

Mama yangu mdogo walimwita Kufuli, na jina lilimkaa. Chaki alizifungia kwenye droo, na ufunguo hautoki shingoni. Ukimsalimia kwa bashasha, anakuuliza unataka nini. Nilifundisha naye shule moja miaka sita, na mtu wa kushuku kama yule sijamwona tena.

Kazi yake ilikuwa Kiingereza, hasa yale maneno mawili yaliyounganishwa kuwa moja. Mbinu yake ilikuwa hii. Mkono chini ya kidevu: kila taya likishuka, hiyo ni silabi, piga mstari. Kisha liite neno kama unamwita mtu ng'ambo ya barabara. Pale sauti inapopanda, weka alama ya mkazo. News/pa/per, mkazo kwenye news. Darasa zima likishika videvu, utadhani wanaumwa meno.

Sasa, mtihani wa mwisho wa mwaka, binti mmoja mwenye kigugumizi, asiyefungua mdomo darasani, akapata thelathini kwa thelathini. Kufuli akawaka.

"Huyu ameibia. Neno hajawahi kutamka, mkazo ameujuaje?"

"Mama mdogo, muulize kwanza," nikamwambia.

Wapi. Alishapeleka barua kwa mkuu wa shule: matokeo yafutwe, binti arudie mwaka. Nilikasirika, lakini nikanyamaza, na hilo nalijutia hadi leo.

Kesho yake mkuu akamwambia binti aje na mzazi. Kabla mzazi hajafika, Kufuli naye akamwita binti chumba cha walimu, nami nikiwemo, apate ushahidi kabisa.

"Soma kwa sauti. Mdomo hauibii."

Akampa orodha ya maneno ya mtihani, la kwanza "grandmother". Binti akakwama kwenye herufi ya kwanza, machozi yakamlengalenga. Kufuli akanitazama kama anayesema, umeona?

Binti akaanza kugonga meza kwa kidole. Pigo zito, jepesi, jepesi. Akagonga tena, na safari hii neno likatoka zima, sambamba na kidole. Kisha "newspaper". Kisha "toothbrush". Akamaliza orodha yote bila kukwama.

"Nikijua pa kukazia, naweza kusema," akaeleza polepole, kidole bado mezani. "Nafanya mazoezi nyumbani kila siku. Hapa wananicheka."

Mama yangu mdogo akakosa pa kuweka mikono. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akiomba radhi.

"Mwanangu, nimekukosea," akasema. "Nisamehe. Naenda kwa mkuu sasa hivi kuichukua ile barua."

Binti akamtazama juu mpaka chini. Akamsogezea karatasi na kalamu.

"Andika hayo, mwalimu," akasema. "Na uweke sahihi."