Sauti ya Senge Ilipohamia Upande wa Wanaume

Ghala la mahindi lina harufu yake, na mtu aliyelelewa Uasin Gishu hawezi kuichanganya na nyingine: katani ya magunia, vumbi la magunzi, panya, na ule ujoto wa nafaka ambayo haijakauka vizuri. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya nyimbo. Kanisa letu pale Pioneer wakati huo lilikuwa kuta bila paa, kwa hivyo kwaya ilifanya mazoezi Jumamosi alasiri ndani ya ghala la Mzee Tirop, mzee wa kanisa aliyeimba besi. Mimi nilikuwa naenda kwa sababu ya shangazi yangu. Tulimwita Senge Rael; senge ndivyo sisi Wakalenjin tunavyomwita dada ya baba. Jumamosi mama yangu alikuwa sokoni, Senge ndiye alinichunga, na Senge hakuwa mtu wa kukosa kwaya kwa sababu ya mtoto. Alinipandisha juu ya magunia akaniambia, "Kaa hapo, na usitafune mahindi ya watu." Nilikaa. Mahindi nilitafuna.

Wacha nieleze kazi yake, maana siku hizi haiko tena. Senge alikuwa mwanzishaji. Hatukuwa na kinanda, na gitaa lilihesabiwa kuwa kitu cha baa. Mwalimu Boit, aliyefundisha darasa la saba na kuongoza kwaya, alijua kuandika do-re-mi ubaoni, lakini do yake mwenyewe ilipanda na kushuka kulingana na alichokula mchana. Kwa hivyo Senge alifungua mdomo, akaimba mstari mmoja peke yake, na pale alipouweka mstari huo ndipo watu wote waliposimama. Akianza juu, akina mama wa sauti ya kwanza wanatoka jasho. Akianza chini, wanaume wa besi wanazama. Hakuna aliyeuliza kwa nini ameanza pale. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu msichana, na sauti yake ilijulikana: nyembamba, ya juu, safi kama filimbi, ukiwa barabarani unaisikia kabla hujaona paa la ghala. Siku nyingine za wiki alikuwa mjane anayefuma sweta za shule kwa mashine ya mkono. Jumamosi alikuwa Rael, na watu walinyamaza akivuta pumzi.

Msimu ninaoukumbuka ni ule wa kuvuna, nikiwa darasa la tatu, enzi za maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni na za chama kimoja. Chifu alituma neno kwamba kila kwaya iandae wimbo wa sikukuu ya Jamhuri, ukaimbwe uwanjani, wimbo wa kusifu amani na serikali. Ujumbe kama huo hukuuchukua kama mwaliko. Mazoezi yakaanza ghala likiwa tupu, mabati yakirudisha sauti vizuri. Kisha mahindi yakaanza kuingia. Kila Jumamosi nilipandishwa juu zaidi kwa sababu magunia yalikuwa yameongezeka, na kila Jumamosi wimbo ulikuwa umeshuka. Si kwa ghafla. Kidogo, kidogo, kama maji ya tangi lenye ufa. Wa kwanza kulalamika alikuwa Mzee Tirop.

"Mama Rael, unatupeleka wapi? Sisi huku chini tunachimba kisima."

"Chimba tu, Mzee. Si wewe ulisema una sauti ya ng'ombe dume?"

"Hata ng'ombe dume ako na mwisho wake."

Kwaya ikacheka. Mwalimu Boit hakucheka. Alitazama magunia huku na huku, akatoa hukumu kwamba magunia yanakula sauti. Mwanzishaji anasikia sauti yake ikirudi ndogo, akasema, anapoteza njia. Mahindi yakimalizwa kuuzwa, wimbo utarudi mahali pake. Watu wakaafiki, maana ni kweli magunia hunyonya sauti, na mtu akishapata ukweli mmoja hapendi kutafuta wa pili. Akina mama wakaongeza dawa zao wasije wakachelewa: tangawizi kutoka duka la Mama Halima, asali, mafuta ya mbuzi yaliyopashwa moto. Senge alikunywa kila kitu, akashukuru, akakohoa kidogo ili waridhike.

Mimi nilitaka kujua. Mtoto wa juu ya magunia ana muda mwingi. Niliingiza kichwa katikati ya magunia mawili nikaimba: sauti ikawa ndogo kama ya kifaranga, lakini haikushuka. Niliimba chooni. Niliimba ndani ya tangi tupu la maji nyuma ya nyumba, ikawa kubwa hadi nikaogopa, lakini nayo haikushuka. Niliimbia ndoo ya maziwa, mama akaninyang'anya ndoo. Gunia linaweza kupunguza sauti, hilo nililiona. Kuiteremsha haliwezi. Lakini nani atamsikiliza mtoto wa darasa la tatu mbele ya mwalimu wa darasa la saba?

Basi lori likaja, vijana wakabeba magunia siku nzima, na Jumamosi iliyofuata ghala lilikuwa wazi, sakafu imefagiliwa, hakuna mahali pa mimi kukaa ila kizingitini. Wote walijipanga kwa furaha, akina mama kushoto, wanaume kulia, kama kanisani. Senge akavuta pumzi, akaanza. Na ikatoka chini. Chini kabisa kuliko siku zote, lakini pana, nene, yenye joto, ikajaa ghala hadi mabati yakatetemeka. Hiyo haikuwa sauti iliyoharibika, hata mimi mtoto nilijua. Ilikuwa sauti nyingine.

Mwalimu Boit akapiga makofi kusimamisha. "Pandisha, Mama Rael."

Akapandisha. Ikafika nusu ya mstari, ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika palepale. Hakuna aliyecheka safari hii. Mwalimu akaangalia viatu vyake, halafu akasema maneno ambayo bado yananikera: "Wimbo wa serikali hauanzwi kama wa matanga. Chifu atasema tunanung'unika." Akamwita Emily, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa na sauti kali kama kioo, akamwambia kuanzia leo yeye ndiye mwanzishaji. Waswahili wana methali, kipya kinyemi ingawa kidonda. Emily hakuwa kidonda, maskini. Alikuwa tu mtoto aliyepewa kiti cha mtu kabla mtu hajainuka. Na Senge akaambiwa abaki kwenye mstari wa akina mama afungue mdomo bila kutoa sauti. "Watu wakuone tu," Mwalimu akasema, kama anayempa zawadi.

Jioni hiyo nilikaa karibu na mashine yake ya kufuma nikamuuliza sauti imeenda wapi. Kijana wake Kiprop alikuwa mezani akila, naye siku hizo akisema neno moja linatoka kama la mtu mzima na la pili kama la kuku. Senge hakuacha kusukuma mashine. Aliniambia sauti yake ilikuwa imehama mara nyingi, ila watu hawakuwa wanaangalia. Akiwa msichana ilikuwa juu mpaka inauma masikio ya mbwa. Alipozaa mtoto wa kwanza ikapata mwili, akadhani ni mafua, akangoja yaishe. Alipofiwa na mume ilikaa miezi bila kutaka kutoka. "Na sasa mambo ya mwezi yamekwisha," alisema, "na yenyewe imeteremka. Iko. Naisikia. Ila hapo ilipo hakuna mama mwingine." Nikamuuliza nani yuko hapo. "Wanaume wa tena," akasema. "Wale wa sauti ya tatu."

Nadhani alikuwa anajijibu mwenyewe, kwa sababu Jumamosi iliyofuata alipita mstari wa akina mama bila kusimama, akaenda upande wa kulia, akasimama mwisho wa wanaume wa tena, akatazama mbele.

"Mama Rael, umepotea njia," Mwalimu akasema.

"Sijapotea. Noti yangu iko huku."

"Huko ni kwa wanaume."

"Noti haivai suruali, Mwalimu."

Mmoja wa wale wa tena akasema pole pole, "Mwache. Angalau tutapata mtu anayekumbuka maneno." Lakini Mzee Tirop alikuwa ameshakunja uso. Kanisani, alisema, mama hukaa upande wa kushoto, na kwaya ni ya kanisa.

"Hapa ni ghala, Mzee. Upande wa kushoto ni wa panya."

"Mama Rael."

"Niambie basi nisimame wapi nikiimba. Si kufungua mdomo. Kuimba."

Jamhuri ilikuwa karibu. Baada ya mabishano marefu wakakubaliana kwamba atasimama mwisho wa mstari wa akina mama, jirani na mwanaume wa kwanza wa tena, na kati yake na huyo iachwe nafasi ya mtu mmoja. Mzee Tirop mwenyewe aliipima ile nafasi kwa fimbo yake, kama anayepima mpaka wa shamba. Siku ya Jamhuri tulipanda trela ya trekta mpaka uwanjani, kwaya imevaa mashati meupe, mimi nimebanwa kati ya magoti. Emily aliona umati, akaona chifu na kofia yake, akaogopa, akaanza juu kama mwewe. Ubeti wa kwanza walimfuata. Wa pili, akina mama wakaanza kuanguka mmoja mmoja, midomo wazi na hakuna kitu. Nilimwona Emily akigeuza macho akitafuta pa kushika. Chini yake, ukingoni mwa ile nafasi ya mtu mmoja, Senge alikuwa ametulia na noti yake kama nguzo ya ua, na Emily akaishika hiyo, wengine wakarudi, wimbo ukafika mwisho. Chifu akapiga makofi, kama alivyowapigia wote.

Halafu wazee wa kanisa wakakaa wakaamua: arudi mstari wa akina mama kama wenzake au akae nyumbani. Akakaa nyumbani. Na mwezi huohuo, nyumba hiyohiyo, Kiprop alitoka jandoni na sauti yake nzito, wazee walewale wakaja kunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, na kumsifu kwamba sasa amekuwa mtu. Mama na mtoto sauti zimeshuka pamoja, mmoja anakaribishwa duniani na mwingine anafungiwa mlango. Nilikuwa mdogo lakini niliwaona. Usiache mbachao kwa msala upitao, walitusomesha shuleni, kumbe hiyo ilikuwa ya mtihani tu.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu. Kulikuwa na mazishi Cheptiret, ya jirani wa zamani, na Senge alikwenda kama mwombolezaji. Wasichana wa kwaya ya huko wakaanzisha nyimbo, nzuri, za juu, na hakuna aliyeitikia. Nilikuwa nimemshika sketi, nikamsikia akijisemea, "Hawa watu wamelia siku mbili. Watafika huko juu na nini?" Wimbo uliofuata akaanza yeye, pale chini, pale ambapo koo lililokauka kwa kulia bado linaweza kufika. Wafiwa wakaingia. Hata mjane, ambaye alikuwa hajasema neno, akaingia. Tangu siku hiyo aliitwa. Aliitwa Cheptiret, aliitwa mashambani, aliitwa kwenye baridi ya Timboroa mpaka akanunua koti zito. Watu ambao hawakumjua alipokuwa filimbi walimjua akiwa hivyo. Na Mwalimu Boit alipofiwa na mama yake, kwao ni Timboroa, alikuja mwenyewe akasimama mlangoni na kofia mkononi. Senge alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nitasimama wapi?" akamuuliza.

"Simama unapotaka, Mama."

Alisimama katikati ya wanaume waliochimba kaburi, na hakuna aliyepima kitu.

Senge sasa ni mzee, na sauti imehama tena. Ile nene imekwenda pia. Iliyobaki ni uzi tu, wenye mikwaruzo, nusu kuimba nusu kusema, na nilipompelekea binti yangu mchanga alimwimbia hiyo. Mtoto, ambaye kwangu hulia wimbo ukianza, alimkodolea macho akanyamaza. Nilikaa pale nikisikiliza kwa makini, nikijiuliza hii nayo inaanza wapi na itafika wapi, kama nilivyojiuliza nikiwa na kichwa katikati ya magunia. Bado sijui. Ni kitu cha ajabu, mwili mmoja kupangisha waimbaji wote hao, mmoja akitoka mwingine anaingia.

Lakini nina hasira pia, na sitaificha. Pioneer ya leo ina boda boda kila kona na kanisa letu lina paa, vigae, spika kubwa kuliko kabati na kinanda cha umeme chenye kitufe cha kushusha wimbo mzima kwa kidole kimoja. Kile ambacho Mwalimu Boit hakuwa nacho, hawa wanacho. Mimi ni mwimbaji wa kwaya hiyo. Tangu nijifungue sauti yangu imepata uzito, juu hainifikishi nilipokuwa, na mwezi jana kiongozi wa kwaya, mwanaume wa rika langu, aliniambia kwa upole nipumzike mpaka sauti irudi. Nilimuuliza irudi kutoka wapi. Akadhani ni utani. Nikamwambia ashushe wimbo hatua mbili. Akasema wimbo umezoeleka pale ulipo. Umezoeleka na nani? Na mimi wa zamani, nilipokuwa na miaka kumi na tisa?

Jumapili ninakwenda. Mtoto nitambeba mgongoni, kwa sababu hana pa kubaki. Nitasimama mbele ya maikrofoni nianze mwenyewe, bila kinanda, mahali sauti yangu ilipo wiki hii, na mpiga kinanda atanitafuta.