Mkwaruzo wa Mlango wa Bosi

Mama wa nyumba alikuwa akijipenyeza uani na beseni la bati lililojaa nguo mbichi aliposikia kwaruu. Moyo ukampasuka. Hakuwa na haja ya kugeuka. Pale uani palikuwa na kitu kimoja tu cha kukwaruzika: gari la bosi wa mumewe, jeusi kama wino. Mumewe ndiye dereva, na leo bosi mwenyewe angepitia hapo kulipanda.

Bosi huyo hapandi gari kabla ya kulizunguka polepole, mikono nyuma, kama mnunuzi mnadani. Dereva aliyetangulia alifukuzwa kwa kibonyeo kidogo kama kunde.

Kwenye mlango wa mbele wa gari palikuwa na mstari mweupe, urefu wa kiganja. Mumewe bado alikuwa usingizini. Mama akachota maji, akauosha. Mstari ukatoweka. Akashusha pumzi. Jua likakausha maji, mstari ukarudi. Akaosha tena, ukarudi tena.

"Wifi, utalinywesha mpaka bosi afike?" Alikuwa dada wa mumewe, kikombe cha chai mkononi. Aliwahi kuwapikia mafundi wa gereji, akaokota mawili matatu. "Maji yanauficha tu. Pitisha ukucha."

"Nikiuchimba zaidi je?"

"Nimesema ukucha, sikusema panga. Ukikwama, mwamshe mumeo mkatafute fundi wa rangi. Ukiteleza, mkwaruzo uko juu juu."

Ukucha ukateleza. Wifi akaingia ndani, akarudi na dawa ya meno, ile nyeupe ya kawaida. Mama akamtazama kama mtu anayetaniwa msibani.

"Tangu lini gari likawa na meno?"

"Mdomo linao, na litakusema. Sugua."

Akasugua kwa fulana kuukuu laini, vidole viwili, akizungusha taratibu, sikio likiwa dirishani kwa mumewe. Akasuuza, akafuta, akangoja pakauke kabisa, maana maji alishayajua ni waongo. Mwishowe mstari ukaisha. Lakini pale aliposugua pakang'aa peke yake, na sehemu nyingine yote ya mlango ikaonekana imefifia.

"Sasa hata kipofu ataona," akanong'ona.

Akasugua mlango mzima, kisha wa nyuma yake, mkono ukafa ganzi.

Mumewe akatoka akifunga vifungo vya shati. Mama akamwaga yote kwa pumzi moja.

"Na unaniambia sasa, mama watoto, wakati bosi anabisha getini?"

Bosi akaingia, mikono nyuma. Kwenye ule mlango akainama, akapitisha kidole. Mama akabana pumzi. Bosi akaenda upande wa pili, akakaa huko muda mrefu.

"Dereva."

"Naam, mzee."

"Huku mbona hamkugusa? Kazi mnaifanya nusu nusu tu."

Mumewe akamtupia mama jicho moja, akafungua mlango wa bosi.

"Jioni nalirudisha hapa, mzee. Upande huo utamalizwa."