Siku Niliyojiulizia Mwenyewe kwa Mzee Badi

Haya mke wangu ameshayasimulia kwa nusu ya Mji wa Kale, kwa hivyo hata nikinyamaza sisaidiki, bora myasikie kwangu mimi ambaye angalau nitajionea huruma kidogo.

Ilikuwa miaka ya tisini, nina miaka ishirini na sita, nakaa na mama yangu mtaa wa Kuze na kazi yangu ni ukarani katika ofisi ndogo ya mizigo kule Makupa. Nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Rukia wa Tudor, na kwa kuwa babake Rukia alikuwa marehemu, neno la mwisho lilikuwa la ami yake, Mzee Athmani, mtu wa maneno machache. Sasa kwetu posa haijibiwi mpaka watu waulizie, na mwenye kuulizia haanzi msikitini (huko kila mtu ni mwema), huanza dukani. Duka letu ni la Mzee Badi, naye ana daftari la wakopaji, kila mtu na ukurasa wake, na chini ya kila ukurasa huandika neno lake juu yako, na neno hilo ndilo huambiwa watu wakija kuuliza.

Ukurasa wangu niliuogopa. Mwaka uliotangulia nilikaa miezi minne bila kazi nikala kwa mkopo, na ingawa nilimaliza kulipa, nililipa kwa kuchechemea, sijui Mzee Badi alinionaje. Halafu kulikuwa na sigara. Mama akienda kununua nazi hakosi kuchungulia daftarini nilichochukua, basi nilimsihi Mzee Badi kila nikichukua sigara aandike sabuni, naye akakubali kwa shingo upande.

Mtu mwenye akili angekwenda akaomba kuona ukurasa wake. Mimi niliona haya, nikahisi ni kama kumwambia mzee wa watu kwamba simwamini. Nikakumbuka kwamba ofisini kuna simu, tajiri wangu ametoka kwenda kula, na kupiga ni bure (bure kwangu, yeye ndiye mwenye kulipa). Basi nikafunika simu kwa kitambaa, nikaikoroga sauti ikawa nzito, nikampigia Mzee Badi, nikatoa salamu ndefu, nikasema mimi ni Mzee Athmani wa Tudor, nataka kujua habari za kijana fulani, yaani mimi.

Mzee Badi akaitikia salamu. Kisha akaniambia nisubiri afungue daftari, akaanza kunisomea kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, mchele, sukari, sabuni, majani ya chai, sabuni, sabuni, sabuni. Nyuma yake nilisikia watu wa barazani wakicheka. Mimi, badala ya kukata simu, nikauliza kwa heshima zote neno lake la mwisho juu ya kijana ni lipi.

"Hilo ntakwambia," akasema Mzee Badi, "lakini kuna mtu hapa mbele yangu yuwanywa kahawa, naye pia ni Mzee Athmani wa Tudor. Ngoja nikupe mzungumze."

Mimi nilikuwa nimesikia ami atakuja kuulizia Ijumaa, kumbe amekuja Alhamisi. Na jibu lililonitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Mwambie sipo."

Simu ikachukuliwa na mtu mwingine. Akanijibu salamu ambayo sikumpa yeye, akasema kwa upole kabisa, "Athmani, nami ni Athmani. Ndoo, uje hapa dukani tujuane."

Kutoka Makupa hadi Kuze nilikwenda kwa miguu makusudi, ili nichelewe. Nilijua Rukia nimemkosa, na nilimpenda. Barazani wote walikuwa bado wapo, hakuna aliyeondoka (nani ataondoka?), wakanifanyia nafasi katikati. Nikamuuliza Mzee Badi alinijuaje. Akasema ameniuzia peremende tangu sina meno, vipi asijue sauti yangu. Kisha akanigeuzia daftari nisome mwenyewe, chini kabisa ya ukurasa. Alikuwa ameandika: *Hulipa. Akikwama asubiriwe.* Tarehe yake ilikuwa ya wakati ule ule sina kazi, kabla sijamlipa hata senti. Nililia pale mbele ya watu, sioni haya kusema, maana aibu ya siku hiyo ilikuwa imeshajaa.

Mzee Athmani akamaliza kahawa yake taratibu. "Mtu anayengojwa akaja, huyo mimi namtaka," akasema. "Lakini sabuni hiyo uiwache kabla ya harusi. Sisi kwetu twaoga kwa kiasi."

Niliiwacha wiki hiyo hiyo, maana kabla sijafika nyumbani mama alikuwa ameshapata habari, na ya mama siyasimulii. Na tangu hapo kila mwanzo wa mwezi huenda dukani, nikaketi, nikaomba kuona ukurasa wangu kwa sauti yangu mwenyewe. Hawakutozi kitu, na kahawa wanakupa. Nikichelewa kurudi, Rukia hunipokea mlangoni, akaninusa kwanza, kisha akaniuliza kama leo Mzee Badi alikuwa na sabuni.