Tambi za Bibi wa Kiitaliano

Kitabu alikileta binti yangu kutoka shuleni. Kilikuwa cha picha, hadithi ya bibi mmoja wa Kiitaliano anayemfundisha mjukuu wake kupika chakula cha Jumapili. Nilikichukia tangu ukurasa wa kwanza. Bibi mwenyewe kanona, jiko lake kubwa kuliko sebule yetu ya hapa Marekani, mtaa wa Black Rock, Buffalo, na mezani wamejaa wajomba na mashangazi wanacheka. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha anayonijibia, kwa nini sisi hatuli hivyo. Nikamwambia mjomba wake wa Columbus Jumapili yuko zamu kwenye ghala, na mama yake mkubwa wa Louisville anaogesha wazee wa watu. Akasema basi tumpikie bibi.

Bibi ni mama yangu. Alianzia Louisville kwa dada, akapelekwa Columbus kwa kaka, na kila aliyeshindwa naye alimpandisha basi kwenda kwa mwenzake, mpaka baridi ilipoanza akafika kwangu Buffalo na begi moja. Akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Hilo nililizoea. Kilichonitisha ni kwamba alikuwa hali. Ugali aliusukuma pembeni, maharage hakuyagusa, chai aliishika tu mpaka ikapoa. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa, akaniambia kwamba asipokula atakufa, kwa sauti ya mtu anayetangaza mvua. Niliogopa. Na nilimkasirikia pia, kwa sababu kumbembeleza mtu mzima afungue mdomo kunachosha kuliko zamu ya kiwandani.

Jumapili, tulipotoka kanisani, tukamkalisha jikoni. Binti yangu alisoma, mimi nikamtafsiria mama: nyanya zichemke taratibu, nyama ya kusaga ifinyangwe madonge. Tulipofika kwenye pasta nikasema tambi. Ndilo neno nililokuwa nalo. Lakini katika kambi ya wakimbizi tulikokulia, Tanzania, tambi zilikuwa chakula cha Krismasi, na zilipikwa kwa sukari.

Mama akainuka. Siku nyingi hakuwa ameinuka bila kushikwa mkono. Akachukua pakiti, akazivunjavunja zile tambi, akazikaanga kwa mafuta mpaka zikawa kahawia, akatia maji, akamimina sukari bila huruma. Binti yangu akaanza kulia, anaonyesha picha kwa kidole, anasema bibi ameharibu. Nikamwambia anyamaze. Mla ni mla leo, nikajisemea, hao Waitaliano watatusamehe. Nilikuwa na furaha kweli.

Mama akapakua sahani moja. Hakukaa nayo. Akatazama mlangoni.

"Mdogo wako yuko wapi?" akaniuliza.

Mdogo wangu, msichana, alifia kambini. Homa ilimshika karibu na Krismasi, akakataa kila kitu, akaomba tambi. Mama aliuza kitenge chake cha kanisani ili azipate. Zilipoiva, mtoto hakuweza tena kumeza. Sisi wengine tulizila siku ya msiba, maana kambini chakula hakitupwi. Mama hakuonja.

"Mama, yule alishatangulia," nikasema polepole.

"Mgonjwa hajala," akasema. "Mimi nitakulaje?"

Nilikaa chini. Tulikuwa tumemwita mkaidi, dada, kaka na mimi, kwenye simu na mbele yake. Kumbe kila sahani tuliyomwekea, yeye alikuwa anamsubiri mwanawe ale kwanza.

Kisha akamwona binti yangu, amesimama karibu na friji na machozi yake. Uso wa mama ukafunguka. Akamwita kwa jina la mdogo wangu. Binti yangu akanigeukia, akauliza bibi anamwita nani. Mama akaita tena, safari hii sauti inatetemeka. Kumrithisha mtoto jina la marehemu ni jambo la kawaida kwetu. Lakini mama alikuwa anamwita marehemu mwenyewe.

"Itika," nikamwambia binti yangu. "Sema abee."

Alilisema vibaya, kwa ulimi wa shule. Mama akamketisha, akamlisha kijiko baada ya kijiko, naye akala huku analia, mpaka sahani ikaisha. Ndipo mama alipovuta sufuria, akala zote zilizobaki.

Tangu hapo anakula, mradi binti yangu ale kwanza. Amenenepa kidogo. Daktari amefurahi. Juzi nilimwita binti yangu kwa jina lake mwenyewe, aje avae koti tutoke. Alikuwa amekaa mbele ya mama, mdomo umejaa, na hakugeuka. Mama akaniuliza huyo ninayemwita ni mtoto wa nani.