Mkono Uliokwisha Kulipiwa

Siku niliyorudisha randa ya Mzee Mwinshehe naikumbuka bado, na mimi si mtu wa kukumbuka mambo ovyo.

Mwanangu, shule niliishia darasa la nne. Lakini nyumba hii ya Mkuza na duka la mabati pale Kongowe ni jasho langu, sikurithi hata msumari. Kwa hiyo nisikilize.

Useremala nilijifunza kwa Mzee Mwinshehe, kule Msimbu, Kisarawe. Yule mzee, ulaini wa ubao hakuupima kwa macho. Anapitisha kidole gumba, anasema, "Bado." Niliipenda ile kazi kuliko chakula, na chakula chenyewe hakikuwepo, maana mteja alilipa akijisikia.

Kikatokea kiwanda cha vyuma Kibaha, mshahara kila mwisho wa mwezi. Mama yangu, mjane, akasema, "Mkono mtupu haulambwi." Nikaenda kuaga.

"Huko utafanya nini?" Mzee akauliza.

"Sijui. Nimeuliza mshahara tu."

"Hata mbuzi ukimvuta, hukaza miguu kwanza."

Kiwandani nikapewa grainda, ile mashine ya kusaga chuma. Kutwa inatetemeka mikononi. Miaka ikaenda. Mama alikula, alitibiwa, alizikwa kwa heshima. Hilo silijutii. Vidole vilianza kufa ganzi asubuhi; nikavisugua, nikaenda kazini.

Nilipopata akiba nikarudi Msimbu, nifungue karakana yangu. Mzee, kachakaa, akanipa ubao na randa yake. Nikapiga randa, nikapitisha gumba. Sikusikia kitu, kama nimegusa kwa mkono wa mtu mwingine. Nikasema, "Tayari."

Akapitisha lake. Kibanzi kikamchoma, damu ikatoka. Akakifyonza kidole, akasema taratibu, "Mkono wako wale wa kiwanda walikwisha kuulipia, Salumu. Si wako tena." Nikamrudishia randa yake.

Ndiyo maana nauza mabati.

Mwanangu, sikuambii ukatae mshahara. Mapenzi ya kazi hayainjiki sufuria, na anayekwambia yanainjika ana baba wa kumlisha. Ila kabla hujasaini mkataba wa kazi, usiulize watakulipa nini tu. Uliza kazi yenyewe itakula nini kwako, na kama ukiondoka utakikuta. Ukiona itakula kile unachokipenda, na nyumbani kuna njaa, nenda, lakini nenda ukijua. Mimi nilikwenda kama mzigo.

Mungu akupe riziki isiyokudai mwili wako. Na mikono hiyo, akuachie mpaka uzeeni ikisikia.