King'ora na Maziwa ya Bitota

Kila king'ora cha karakana ya reli kilipolia, Bitota alifungua blauzi. Hiyo ndiyo ilikuwa amri. King'ora cha asubuhi kinawaingiza wanaume kazini, nacho kinawaingiza mapacha kwenye titi. Cha adhuhuri vilevile. Cha kurudi kazini, na cha jioni, basi. Katikati hapo watoto walie wanavyotaka, na usiku walale, maana mtoto anayenyonya usiku anajifunza ulafi.

Amri ilitoka kwa Madamu wa mizani, mzungu aliyepima watoto kila Alhamisi katika banda nyuma ya zahanati. Yeye alisema tu kwamba mtoto anyonye kwa saa. Nyumbani kwa Bitota kulikuwa na saa moja, nayo ilikaa mkononi mwa mumewe, Médard, na Médard alishinda stesheni. Ndiye aliyepata wazo la king'ora. Alilipata akiwa mezani, akalifurahia, akampigia hesabu mkewe juu ya kitambaa cha meza kwa ncha ya uma. Tangu hapo maziwa ya Bitota yakawa na ratiba kama treni ya Bukama.

Médard alikuwa karani, Mluba wa Kasai aliyeletwa Kamina na reli, mtu wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Mwaka ule wa hamsini na mbili alikuwa anaomba kadi ambayo Wabelgiji waliwapa watu weusi walioonekana kuwa wameendelea. Mwenye kadi aliweza kupata kazi Base, kule ndege zinakoshuka, na nyumba ya matofali yenye bomba la maji. Ila kabla ya kadi huja wakaguzi. Wanaangalia kama mnakula mezani, kama watoto wana kitanda, kama mke anajua kusalimia bila kuinamisha kichwa.

"Mke wa mtu aliyeendelea hanyonyeshi ovyo," Médard alisema, "kama mbuzi barabarani."

Bitota alitii. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine yote.

Alikuwa ametii tangu siku ya kwanza. Kwa Waluba, wa Kasai na wa hapa Kamina, mapacha hawapokelewi kwa adabu. Wanawake huja na majani na pemba, ule udongo mweupe, wakampaka mama, wakamwimbia matusi. Naye mama hupewa ruhusa ya kumtukana yeyote, awe shefu, awe katekista, na mtu anayetukanwa hivyo haruhusiwi kukasirika. Nyimbo zile ndizo mlango ambao mapacha huingilia duniani. Na wakishaingia wana sheria moja: anachopewa mmoja apewe na mwenzake. Ukimbagua mmoja, anakasirika na kurudi alikotoka.

Wanawake walikuja. Médard alisimama mlangoni akiwa amevaa tai.

"Hapa ni nyumba ya Kikristo," akawaambia. "Mwende."

Wakaenda na pemba yao ikiwa bado imefungwa kwenye jani. Ndani, Bitota alikuwa amelala na damu yake, mtoto huku na mtoto kule, akasikia kila neno, akanyamaza.

Mwezi wa kwanza maziwa yalimwagika mpaka godoro likanuka. Kufikia mwezi wa tatu matiti yalikuwa laini, mepesi, kama vitu vya mtu mwingine. Mbuyi, pacha wa kiume, alikuwa na nguvu. Alivuta kwa pupa na kupata. Kanku, dada yake, alivuta kidogo, akachoka, na kabla hajapata pumzi ya pili muda ulikuwa umekwisha.

Alhamisi moja Mbuyi alipandishwa kwenye mizani, akalia, sindano ya mizani ikaenda mbali. Kanku alipowekwa hakulia. Sindano ilisogea kidogo ikasimama.

"Hii mutoto hapana kula," Madamu alisema kwa Kiswahili chake cha kuamuru. "Wewe hapana maziwa."

"Maziba iko, Madamu. Inakuya wakivuta."

"Tutaona."

Akaleta pampu, kikombe cha kioo chenye kibonge cha mpira mwekundu, akamkalisha Bitota mbele ya wanawake wote waliojaa kwenye mabenchi, akamtoa titi kama mtu anayetoa mkate kapuni, akaanza kubinya mpira. Ilikuwa muda mfupi tu tangu mapacha wanyonye. Kioo kilikuwa baridi. Bitota aliangalia paa la bati. Kilichotoka kilifunika kitako cha kikombe kwa shida. Madamu akakiinua dirishani ili wote waone, kama askari anavyoonyesha kitu kilichoibwa.

"Ya mutoto moja! Ya mbili, hapana."

Akakata shauri hapo hapo. Mbuyi abaki kwenye titi, Kanku apewe chupa. Alitoa mkebe wa maziwa ya unga na biberoni, ile chupa ya kunyonyea. Na kama baada ya Alhamisi mbili sindano ya Kanku haijafika kwenye alama nyekundu, mtoto atachukuliwa, atalelewa katika nyumba ya watoto wachanga ng'ambo ya reli.

Kwenye benchi la mwisho mwanamke mmoja aliinuka akatoka nje. Alikuwa Agar, Mluba wa hapa hapa. Kiangazi kilichopita mwanawe alichukuliwa kupelekwa nyumba ile, Agar akaahidiwa kwamba mtoto atarudi mnene. Alirudi ndani ya sanduku la sabuni lililopigwa misumari.

Jioni Bitota aliuweka mkebe katikati ya meza ya wakaguzi.

"Mumoja titi, mumoja chupa," akamwambia mumewe. "Weye mwana wa Kasai, hujui hiyo ni nini kwa mapasa? Ni kumwambia mumoja kaa, na mwingine enda."

"Ni dawa ya kisasa."

"Miye nasema watamuchukua Kanku!"

"Basi fanya alivyosema Madamu, hatamuchukua. Punguza sauti, majirani wanasikia."

Majirani walikuwa wanasikia kweli. Asubuhi yake Safi alipita kwenye pengo la ua, kapu la samaki wa Bukama kichwani na binti yake mchanga, Dunia, mgongoni. Safi alikuwa Mwislamu, wa watu wa Maniema, mfanyabiashara wa samaki mwenye mdomo ambao soko zima liliujua.

"Mwambuyi," akamwita kwa jina la heshima la mama wa mapacha, "hii batoto yako inalia sawa kilio cha shefu. Juu ya nini haubape titi?"

"King'ora bado."

Safi alicheka mpaka akatua kapu chini. "Yee! Titi yako iko na kazi kwenye gare ya treni? Mwisho wa mwezi inapanga mustari kwa mushahara?" Kisha akauona uso wa Bitota, akaacha kucheka. Akasikiliza habari yote, ya pampu, ya mkebe, ya nyumba ng'ambo ya reli. Alipomaliza kusikiliza alimfungua Dunia mgongoni, akakaa kwenye kizingiti.

"Lete huyu mudogo."

"Ukimupa mumoja, umupe na mwingine," Bitota alisema. "Ao bote, ao hapana."

Safi alimtazama, kisha akayatazama matiti yake mwenyewe kama mtu anayepima kama chakula kitawatosha wageni.

"Basi bote. Lakini sikia mbele: kwetu maziba njo damu. Tangu leo Mbuyi iko kaka ya Dunia. Hatamuoa hata akikuwa gavana."

"Dunia mwenyewe hatamutaka. Iko na kichwa ya baba yake."

Wakacheka wote wawili, Bitota kwa mara ya kwanza tangu alipojifungua.

Tangu siku hiyo Safi alipita kabla ya soko na baada ya soko. Yeye alipoondoka, Bitota aliwaweka mapacha wote wawili kifuani kwa pamoja, mmoja kila upande, miguu yao chini ya kwapa zake, kila walipofungua midomo, mchana na usiku, Médard akiwa amejifunika shuka kichwani. Wakishiba alijikamua kwa mkono kwenye bakuli, hata pale ambapo hakikutoka kitu, ili titi lijue kwamba linaitwa. Matone aliyopata aliwapa kwa kijiko, kimoja kwa Mbuyi, kimoja kwa Kanku, hakuzidisha. Alikula samaki, sombe la majani ya muhogo na karanga za Safi. Alikuwa na hasira alipokuwa anakula na hasira alipokuwa anakamua, na siku moja, akiwa hajamgusa mtoto, alisikia matiti yanajaa na kuuma, akalia kwa furaha. Ndipo akatambua kwamba king'ora cha adhuhuri kilikuwa kimelia. Mwili wake ulikuwa umejifunza kumtii Médard. Furaha yote ikamwishia.

Médard aliyagundua mambo siku aliyorudi kuchukua miwani yake. Safi alikuwa mlangoni, Kanku kwenye titi lake.

"Watoto waliobatizwa!" Médard akapaza sauti, akasahau majirani. "Mama Safi, toa mtoto wangu hapo!"

"Akimaliza, Musie Médard. Mimi sikatize mutu kwa chakula."

"Na mkebe wa Madamu?" akamgeukia mkewe. "Mkebe uko wapi?"

"Umeunywa," Bitota alisema.

"Nini?"

"Kwenye kahawa yako. Kila asubuhi. Unasema, leo kahawa ni nzuri. Angalia mukanda wako, umeruka tundu moja."

Safi aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika. Médard alichukua miwani yake. Alhamisi, akasema, atakwenda mwenyewe kwenye mizani, na Madamu atajua kila kitu.

Akaenda. Alhamisi hiyo, ya pili tangu Madamu atoe mkebe, alisimama kando yake akiwa amevaa koti, mikono nyuma. Mbuyi alipandishwa, akalia. Kanku alipandishwa, na safari hii naye akalia, kwa sauti kubwa, ya kukwaruza, na banda zima likamgeukia. Sindano ilipanda. Ilipanda ikapita pale ilipokuwa, ikaendelea, ikasimama upana wa kidole chini ya alama nyekundu.

"Amepanda!" Bitota alisema.

"Hapana kufika," Madamu alisema.

Médard akazungumza kwa Kifaransa, kwa muda mrefu. Bitota hakujua Kifaransa kingi, ila alisikia jina la Safi, na alisikia neno ambalo Wazungu waliwaitia watu wa porini. Madamu alitikisa kichwa kwa huzuni, akamfunga Kanku kwenye blanketi jeupe la zahanati, akampakata.

"Mwambie hapana," Bitota alimwambia mumewe. "Weye njo baba. Sema neno moja."

Médard aliangalia viatu vyake.

Kitu kilichokuwa kimelala ndani ya Bitota tangu siku ile ya pemba kiliinuka. Hakupiga kelele. Alipiga makofi, mara moja, mara mbili, akaanza kuimba kwa Kiluba.

"Baba wa Mbuyi, makalio makavu kama samaki wa Bukama! Saa mkononi, saa hainyonyeshi! Alitaka wawili, akazaa wawili, anauza mmoja anunue kadi!"

Wanawake walitazamana. Mahali pale, mbele ya mzungu? Kisha sauti ikamjibu kutoka benchi la mwisho, sauti iliyovunjika, ya Agar.

"Mbuyi ana mdomo, na Kanku ana mdomo!"

"Mbuyi ana mdomo, na Kanku ana mdomo!" banda zima likaitikia. Wanawake wakainuka, watoto migongoni, makofi yakashika mwendo.

"Madamu wa mizani," Bitota aliimba, machozi yakimwingia mdomoni, "kifua kama ubao wa kufulia! Anakamua ng'ombe za wenziwe, nyumbani kwake hata ndama hana!"

"Silence!" Madamu alipiga kelele. Akamgeukia Médard. "Wanasema nini? Hawa wanasema nini?"

Médard, aliyezoea kuwatafsiria Wazungu kila kitu, barua, kesi na hotuba za mkuu wa stesheni, alifungua mdomo akaufunga. Kola ilikuwa imemlowa. Alikuwa mtoto wa Waluba kabla hajawa karani. Alijua kwamba baba wa mapacha akiimbiwa hakasiriki. Akasimama hivyo hivyo, hakusema kwa lugha yoyote.

Mzunguko ulizidi kubana. Agar alifika mbele ya Madamu, akanyoosha mikono mitupu. Hakunyang'anya. Aliinyoosha tu, akaimba, na hakuishusha. Sijui Madamu aliona nini katika uso ule. Pengine alikumbuka sanduku. Alilegeza mikono. Agar akampokea Kanku, akamvua blanketi jeupe likaanguka chini, akamleta kwa mama yake. Bitota akakaa pale pale sakafuni, katikati ya miguu ya wanawake, akafungua blauzi pande zote mbili. Hakukuwa na king'ora. Maziwa yalimtangulia Kanku, yakamrukia usoni, akapiga chafya, akashika.

"Alhamisi ijayo," Madamu alisema kwa sauti ndogo.

Alhamisi iliyofuata sindano iliivuka alama. Médard hakupata kadi mwaka ule, wala Base, na aliisema lawama hiyo mezani kwa miaka, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Bitota alimpikia, akamfulia, akamwitikia alipomwita. Hakumsamehe. Watu waliofikiri kwamba wimbo ulimaliza hasira hawakumjua.

Mapacha walipoanza shule, matiti yake yalikuwa yamekauka zamani. Lakini adhuhuri, akiwa sokoni na Safi au anatwanga uani, king'ora kikilia karakana, alisikia ule mchomo wa sindano chini ya ngozi, ule wa maziwa yanayoitwa. Kila siku. Alikuwa anauacha mchi, anaweka mkono kifuani, anageukia upande wa reli.

"Nyamaza," alikiambia. "Hakuna mutu alikuita."

Kililia mpaka mwisho wake, kama kawaida. Naye alisimama hivyo, mkono kifuani, meno yameumana, akakisubiri kinyamaze ndipo aushike mchi tena.